Nguzo za Newala Zichongwe Newala

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, Masasi na Newala hubadilika sura. Malipo yanapoingia kwenye akaunti za wakulima, malori ya saruji na mabati hupanda mlima kwa zamu, mafundi hawashikiki, na viwanja vilivyokaa na msingi mtupu kwa miaka miwili vinaanza kuinua kuta. Familia iliyokuwa ikiishi kwenye nyumba ya tofali za kuchoma na bati lililoliwa na kutu inajenga nyingine mbele yake, yenye vigae sakafuni, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Na pale kibarazani, mahali ambapo mgeni atasimama kupiga hodi, zinasimikwa nguzo za saruji zilizomwagwa kwa moldi: shina lenye mifereji ya kushuka, kichwani majani yaliyojikunja.

Majani hayo ni ya mmea uitwao akanto, unaoota kando ya bahari ya Mediterania. Wagiriki walianza kuyachonga juu ya nguzo za mahekalu yao zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Warumi wakayachukua, Wataliano wa karne ya 15 wakayafufua, Waingereza wakayapeleka kwenye benki na mahakama za makoloni, na leo yanauzwa barabarani pamoja na tofali za saruji.

Hakuna aibu yoyote katika nyumba hizo. Zimejengwa kwa jasho la watu waliopalilia, wakapulizia salfa, wakaokota na kukausha, kisha wakasubiri malipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, umepitia misukosuko mingi, lakini umeacha fedha za kujengea katika vijiji ambavyo zamani havikuwa nazo. Suala linalostahili kujadiliwa kwa uwazi, kabla uwanda wote wa Makonde haujajaa, ni hili: mtu anapopata fedha ya kuijengea nyumba yake historia, kwa nini aazime historia ya mbali wakati yake ipo mlango wa pili?

Swali hilo si geni duniani. Waliolijibu kwa fahari kubwa na fedha nyingi kupita wote ni matajiri wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Viwanda, reli, benki na biashara ya makoloni viliwatajirisha watu ambao babu zao hawakuwa na kasri wala cheo. Walichokosa ni ukale, nao wakaununua kwa wasanifu majengo. Huyu akataka jumba la shambani linalofanana na abasia ya karne ya 13, yule akataka la enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ferdinand de Rothschild, wa ukoo wa mabenki, alijengewa Waddesdon Manor katika miaka ya 1870 na 1880 kwa sura ya makasri ya kifalme ya Ufaransa, katikati ya mashamba ya Uingereza. Hata Bunge la London, lililojengwa upya baada ya moto wa 1834, lilivishwa vazi la Kigothi la enzi za kati ili lionekane kama limekuwapo siku zote.

Mkulima wa korosho angeielewa haraka hadithi ya Tyntesfield, jumba lililo karibu na mji wa Bristol. Mwenyewe, William Gibbs, alitajirikia kwenye mbolea. Kampuni ya familia yake ilikuwa ikiuza Ulaya guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi kwenye visiwa vya Peru, na wengi wa waliokichimba walikuwa vibarua wa Kichina waliofungwa na mikataba ya kikatili. Kuanzia mwaka 1863 Gibbs alimwita msanifu John Norton, na nyumba ya kawaida ikageuzwa kuwa jumba la Kigothi lenye minara, matao yaliyochongoka na paa zenye vilele vikali. Baadaye likaongezwa kanisa la familia, lililosanifiwa na Arthur Blomfield. Fedha ya mbolea ikavaa kanzu ya watawa wa kale. Shirika la uhifadhi la National Trust lilipoinunua Tyntesfield mwaka 2002, Waingereza walikuwa wameshaihesabu kuwa sehemu ya urithi wao, na asili ya fedha yake ikawa jambo la kusomwa kwenye vibao vya maelezo.

Mtu asiichukulie Tyntesfield kama hadithi ya mbali isiyowahusu watu wa Masasi. Gibbs alikuwa mfuasi wa dhati wa vuguvugu la Kianglikana lililotaka kurudisha ibada, mavazi na majengo ya kanisa la kale, na alitoa fedha za kujenga kanisa la Chuo cha Keble huko Oxford, kazi ya msanifu William Butterfield. Kanisa hilo lilifunguliwa mwaka 1876. Mwaka huohuo, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakatembea hadi Masasi. Nia ilikuwa kuelekea upande wa Ziwa Nyasa, lakini kundi hilo likaishia kwenye vilima vya mawe vya Masasi, na hapo kikaanzishwa kijiji cha misheni. UMCA ilikuwa mtoto wa vuguvugu lile lile: ilizaliwa katika vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone kule Cambridge mwaka 1857. Mapenzi ya ukale yaliyojenga jumba la Gibbs ndiyo yaliyosafiri na wamisionari hadi kusini mwa Tanzania.

Lakini Steere alifanya jambo ambalo Norton hakulazimika kulifanya: alijenga kwa kilichokuwepo. Kanisa lake kuu la Mkunazini, Unguja, ambalo msingi wake uliwekwa Krismasi ya 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina madirisha yenye ncha za Kigothi kutokana na michoro ya msanifu Charles Hayward wa Uingereza. Kuta zake, hata hivyo, ni za mawe ya matumbawe, na dari lake ni tao kubwa la zege la matumbawe na saruji lililopita juu ya kanisa zima bila nguzo za kati. Wapo waliotabiri kwamba lingeanguka. Hadi leo limesimama, na Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu. Jengo lile lina Uingereza ndani yake, lina pwani pia, na mtu akiingia haoni mshono. Miaka ya baadaye msanifu mwingine Mwingereza wa Unguja, John Sinclair, aliyejenga Mahakama Kuu pale Vuga na Beit el Amani iliyofunguliwa mwaka 1925, alikwenda mbali zaidi na kuazima kuba na matao ya Waarabu.

Bara, mambo yalikuwa magumu zaidi. Kijiji cha misheni cha Masasi kilivamiwa na Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, mwaka 1882, na mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa Chifu Matola wa Wayao. Misheni ilirudi Masasi, ikachomwa tena katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka huohuo zikaangamizwa Lukuledi na Nyangao, vituo vya Wabenediktini kutoka Bavaria, nao mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, ambako abasia yao, hospitali na karakana zao zipo mpaka sasa. Mtandi ya Waanglikana, pale Masasi, na Ndanda ya Wakatoliki ndizo shule mbili zilizofundisha mikono ya mafundi wa ukanda huu kupanga jiwe, kuchoma tofali na kuinua tao. Hilo ni deni la kweli, na ni vema likatajwa.

Kwa hiyo asitokee wa kusema kwamba historia ya ujenzi wa Masasi na Newala ni ya udongo na nyasi tupu, na kwamba kila kingine ni ugeni. Tao limeshakaa hapa zaidi ya karne moja. Korosho yenyewe ni mgeni: ililetwa na Wareno kutoka Brazili, na leo hakuna anayeuona mkorosho Newala akaikumbuka Brazili. Kuazima si kosa. Tatizo ni kuazima kwa upande mmoja tu, mpaka fundi wa hapa akageuka kuwa mmwagaji wa moldi za watu wengine.

Mtu mmoja aliyeona mapema kwamba ya hapa na ya huko yanaweza kukaa meza moja alikuwa Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926. Wamisionari wengi wa wakati wake waliliona jando kuwa ushenzi wa kufutwa. Lucas, hata kabla ya uaskofu, alikaa na wazee Wakristo wa Masasi wakalitengeneza jando la Kikristo: vijana waliendelea kupelekwa porini na kufundishwa, huku yale yaliyopingana na imani yakiondolewa. Wapo waliomlaumu kwa kuacha mengi, wapo waliomlaumu kwa kuondoa mengi. Alichothubutu ni kuuliza, kitu kwa kitu, kipi kina uhai na kipi hakina. Kuta hazikupata bahati hiyo. Hakuna aliyekaa na wachongaji wa uwanda wa Makonde akawauliza mlango wa nyumba mpya uweje.

Na walikuwa na la kujibu. Mwaka 1906 msomi wa Kijerumani Karl Weule alipiga kambi Newala kwa wiki kadhaa, akilalamikia upepo na baridi ya jioni, na akazunguka vijiji vya jirani na kamera yake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908, amewaonyesha wasomaji wake nyumba za Wamakonde na kufuli ya mlango pamoja na ufunguo wake, vilivyobuniwa na mafundi wa kijijini, hatua kwa hatua jinsi ufunguo unavyoingizwa na komeo linavyosukumwa. Akaweka pia michoro iliyokuwa kwenye kuta za nyumba. Weule alikuja na dharau nyingi za zama zake, lakini pale mbele ya mlango alisimama kwa mshangao wa fundi kwa fundi. Leo nyumba ya mamilioni inajengwa umbali mfupi kutoka hapo, na mlango wake unaagizwa Dar es Salaam ukiwa umefungwa kwenye karatasi za nailoni.

Kuna mfano wa hatari ya kujijengea historia isiyo na mizizi, na upo Afrika Mashariki hii hii. Njoro, karibu na Nakuru, Maurice Egerton, bwana mkubwa wa Kiingereza mwenye jumba la ukoo liitwalo Tatton kule Cheshire, alianza mwaka 1938 kujenga kasri la mawe lililokamilika mwaka 1954, baada ya kusimamishwa na Vita vya Pili vya Dunia. Wenyeji husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Egerton alifariki mwaka 1958, akiwa amelikalia kasri lake miaka minne tu. Ni jengo la kuvutia, watalii hulitembelea, maharusi hupigia picha. Lakini hakuna fundi wa Njoro aliyejenga nyumba yake kwa kulifuata, kwa sababu halikuzungumza na chochote kilicholizunguka.

Wa kuigwa yuko kwingine. William Armstrong, mtengenezaji wa mitambo ya maji na mizinga, alimpa msanifu Norman Shaw kazi ya kujenga Cragside, kaskazini mwa Uingereza, kuanzia 1869. Kwa nje nyumba ile ni ya kale ya kubuni, yenye paa za mgongo mkali na mbao zilizopachikwa kwenye kuta kama za karne ya 16. Kwa ndani ilikuwa nyumba ya kesho. Armstrong aliziba vijito vya mlimani akapata maziwa, na maji yale yaliendesha lifti na mashine za jikoni. Mwaka 1878 yakawasha taa ya umeme, na Cragside ikawa nyumba ya kwanza duniani kuwashwa kwa nguvu ya maji. Ukale wake ulikuwa vazi. Akili yake ilikuwa kusikiliza kilima: kina jiwe gani, kina maji kiasi gani, yanashuka wapi.

Uwanda wa Makonde nao una la kusikilizwa, na la kwanza ni maji. Udongo wa kichanga huku juu hunywa mvua mara moja, na chemchemi zinatokea chini kabisa, kwenye mabonde. Vizazi vya wanawake wa Newala vimeshuka na kupanda ukingo ule na vyombo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka Mitema huko Kitangari, umepunguza adha, na Masasi inapata maji ya chanzo cha Mbwinji, lakini mtu yeyote wa Newala anajua maana ya bomba kukaa kimya siku kadhaa. Ndiyo maana wenye nafuu wamekuwa wakichimba matanki ya saruji chini ya ardhi ya kuvunia maji ya mvua.

Sasa tazama kinachoingia kwenye ramani mpya: paa la kujificha, lile lililozungushiwa ukuta juu ili nyumba ionekane kama sanduku la kisasa. Paa hilo halina upenu, kwa hiyo mvua inapiga kuta na madirisha moja kwa moja. Mfereji wake uko ndani, majani yakiuziba maji yanarudi kwenye dari la jipsamu. Na kulivunia maji ni kazi ngumu kuliko paa la kawaida lenye gata pembeni. Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ukipoteza sehemu moja ya tano, linakupa lita 86,400, ambazo ni ndoo 4,320 za lita ishirini. Hakuna pambo la Kigiriki litakaloleta ndoo hizo. Paa lenye mteremko mzuri na upenu mpana, kama la nyumba za bibi zetu, likiunganishwa na gata na tanki, litaleta, na bado litamwachia mzee kivuli cha kukaa barazani.

Kisha nguzo. Hapa watu wa uwanda huu wana utajiri ambao hata Gibbs hakuwa nao. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliokuwa Dar es Salaam, na jina la Roberto Yakobo Sangwani ndilo linalohusishwa zaidi na kazi hiyo, walianza kuchonga mnara wa watu kutoka kwenye gogo moja la mpingo: mtu juu ya mtu, mabega, mikono, watoto, mitungi, wote wakibebana hadi kileleni. Mtindo huo ukaja kuitwa ujamaa, na leo umo katika makumbusho na nyumba za watu Ulaya, Marekani na Japani. Kwa umbo, ni nguzo. Imesimama wima, imebeba, imezunguka pande zote. Ni ajabu kubwa kwamba dunia nzima imeiweka sebuleni, na kibarazani Newala inakosekana.

Mpingo ni ghali, unakua taratibu sana na haupaswi kukatwa ovyo, kwa hiyo asishauriwe mtu kuusimika nje kwenye mvua. Mninga upo kwa milango. Kwa nguzo, hata saruji inatosha: mchongaji akichonga kielelezo kimoja cha mbao, fundi anatengeneza moldi, na moldi hiyo inamwaga nguzo mia moja kama ile ya Kigiriki inavyofanya sasa. Fundi ni yule yule na saruji ni ile ile. Kitakachobadilika ni sura inayompokea mgeni, na kwamba sehemu ya fedha ya korosho itaishia kwa mchongaji wa jirani.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, maana biashara ikianza huwa haina breki. Vinyago vya mapiko, vinavyotokea wakati wa ngoma za jando na unyago, si mapambo ya geti. Vina miiko yake, vina wanaopaswa kuvijua na wasiopaswa. Victoria na watu wake walikosea mara nyingi hapa: waling'oa kitu kitakatifu mahali pake, wakakigeuza pambo la ngazi. Wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao ndio wa kusema kipi kinaweza kutoka hadharani, na wakisema hiki hapana, iwe hapana.

Wapo watakaojibu kwamba mwenye fedha ana haki ya kujenga apendavyo, na hiyo ni kweli tupu. Hakuna sheria inayopendekezwa hapa ya kuzuia nguzo ya majani ya akanto. Lakini mara nyingi kinachoitwa chaguo la mwenye nyumba ni kukosa chaguo: anakwenda kwa fundi, fundi ana ramani kumi kwenye simu, zote zimepakuliwa kutoka Johannesburg au Lagos. Mtu hawezi kupenda ambacho hajawahi kuonyeshwa.

Kuonyesha ndiyo kazi ya taasisi zilizopo. Halmashauri za Masasi na Newala, ambazo tayari hupokea maombi ya vibali vya ujenzi, zinaweza kuweka kaunta moja ya ramani za bure, zilizochorwa kwa ajili ya upepo wa Newala na jua la Masasi, zikiwa na upenu, gata na tanki tangu mwanzo. Vyuo vya ufundi vinaweza kumkalisha mwanafunzi wa uashi na mchongaji katika karakana moja kwa muhula mmoja. TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika ambavyo mazao ya wakulima hawa hupita mikononi mwao, vina maghala na ofisi zinazokarabatiwa na kujengwa, navyo vingeweza kuanza na jengo moja tu, mahali ambapo mkulima anakwenda kila msimu kuulizia bei na malipo yake. Akiona nguzo ya ujamaa inabeba paa la ofisi ya ushirika wake, na chini yake bomba la tanki linatoa maji mwezi Agosti, ataulizia moldi yake inapatikana kwa nani na kwa shilingi ngapi. Mwaka huu michoro inaweza kuwa tayari kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.